Kurejesha nyasi za majini na vitanda vya makombe Ziwa Tanganyika: kazi ya vijiji vya Kigoma

Kabla hujanunua kamba wala kung'oa mche hata mmoja, simama kwenye mdomo wa korongo lililo karibu na mwalo wako (mahali mitumbwi inapofikia) siku mvua inanyesha. Maji yakishuka mekundu na mazito kama uji wa mtama, kazi yako ya kwanza iko mlimani. Nyasi utakazopanda ziwani chini ya korongo la namna hiyo zitafukiwa kabla msimu wa mvua haujaisha, na makombe utakayoyamwaga yatajaa tope hadi mdomoni. Tunalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo watu huliruka, wakakimbilia mtumbwini.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, ila ukubwa huo usikudanganye. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka mita mia moja na kidogo, oksijeni inakwisha, na chini ya hapo samaki hawaishi. Mazalia na malezi ya samaki wengi yamebanwa kwenye ukanda mwembamba kando ya nchi kavu, ukanda ule ule unaopokea tope, kokoro (wavu wa kuburuta), nanga na maji ya sabuni. Sangala wachanga hujificha kwenye nyasi hizo. Lumbu huzaliana karibu na ufukwe. Kuhe huja kwenye kina kifupi kutaga, kisha dume na jike hulinda watoto pamoja. Ukanda huo ukiharibika, hakuna ukanda mwingine.

Makao mawili ndiyo yanayohusika hapa. La kwanza ni nyasi za majini, hasa Vallisneria spiralis yenye majani marefu kama utepe, na jamii ya Potamogeton yenye mashina yanayopanda kuelekea juu. La pili ni vitanda vya makombe ya konokono mkubwa wa ziwa hili, Neothauma tanganyicense, ambaye kombe lake hufika sentimita tano au sita, na likibaki tupu samaki wadogo hutaga humo. Walio Tanga au Unguja wanajua chaza hushikamana wenyewe kwa wenyewe hadi wakajenga mwamba. Konokono wetu hafanyi hivyo. Anaishi chini kwenye tope na mchanga, anakufa, kombe lake linabaki, na makombe ya vizazi kwa vizazi yanalundikana yakiwa yamelegea tu. Kwa hiyo kitanda cha makombe hakipandwi kama shamba la chaza. Kikifukiwa kimefukiwa, na kingine hakitajengeka katika umri wako. Kulinda kilichopo kuna thamani kubwa kuliko kumwaga kipya.

Kuzuia tope huko juu

Fuata korongo kwa miguu kutoka mdomoni hadi linapoanzia. Andika kila mahali udongo unapoondoka: shamba la muhogo lililolimwa kwa kushuka mlima, njia ya ng'ombe, barabara isiyo na mifereji, mahali panapochimbwa mchanga, na mteremko unaochomwa moto kila kiangazi. Mara nyingi utakuta tope jingi linatoka sehemu mbili au tatu tu. Anza na hizo.

Kwenye shamba, pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokinga mteremko, kwa kipimo cha umbo la A: fito mbili za mita mbili, ufito wa kuziunganisha katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia. Kipimo hiki kirekebishwe kwanza: kisimamishe, weka alama uzi unapogusa ufito wa katikati, kigeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Usipofanya hivyo, mstari wako utashuka taratibu bila wewe kujua, maji yatakusanyika upande mmoja na kupasua tuta, nawe utakuwa umelitengeneza korongo jipya kwa mikono yako.

Kwenye mistari hiyo panda nyasi za vetiva, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja mmoja, na kila mstari uwe chini ya uliotangulia kwa kimo cha mita moja hadi mbili. Panda mvua zikishashika, Novemba au Desemba, si kabla. Mche mmoja ukikosekana, ziba pengo wiki hiyo hiyo, maana maji hutafuta pengo. Michikichi watu wa Kigoma wanaipenda na ina faida yake, lakini mchikichi uliosimama juu ya udongo mtupu uliopaliliwa hadi ukang'aa hauzuii udongo. Acha majani yafunike ardhi, na makuti yaliyokatwa yalaze kwa kukinga mteremko, si kwa kuufuata. Maji machafu ya kukamulia mawese yasielekezwe korongoni; yachimbiwe shimo mbali na mkondo.

Ndani ya korongo jenga vizuizi vya mawe. Kimo cha nusu mita kinatosha. Virefu zaidi huvunjika na kuleta balaa. Katikati pawe pamezama sentimita 20 kuliko pembeni ili maji yapite hapo, na kizuizi kiingie kwenye kingo zote mbili nusu mita. Chini ya pale maji yanapodondokea tandaza mawe bapa, la sivyo maji yatachimba msingi. Umbali kati ya kizuizi na kizuizi unatokana na mteremko: juu ya kizuizi cha chini pawe sawa na kitako cha kile cha juu. Korongo likishuka mita moja kwa kila mita kumi, vizuizi vya nusu mita vikae umbali wa mita tano. Vikijaa udongo baada ya msimu, panda nyasi juu ya udongo huo na uuache hapo.

Mwisho kabisa, ukingoni mwa ziwa, rudisha matete. Chimba vipande vya mzizi vyenye vifundo viwili au vitatu, urefu wa sentimita 30 hivi, vilaze mshazari kwenye tope lenye unyevu, kila kimoja mita moja na mwenzake, ncha moja ikibaki nje. Hapa sheria iko upande wako: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Itumieni kwa mazungumzo na wenye mashamba kabla ya kuitumia kwa mgambo. Mtu anayeambiwa aache ukanda wake wa mboga bila kuonyeshwa atalima wapi atarudi usiku na jembe.

Kupima kama tope limepungua

Usitegemee macho. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5, likate vipande vya sentimita 30, ziba kitako. Urefu uwe angalau mara tano ya kipenyo. Bomba fupi hurusha tope nje tena mawimbi yakipita. Funga vipande vitatu wima kwenye mti mmoja uliochomekwa chini, midomo ikiwa nusu mita juu ya mchanga. Baada ya siku 30 ziba midomo ukiwa bado chini ya maji, pandisha, acha tope litulie, mwaga maji, kausha juani, pima kwenye mizani ya duka la dawa au ya sonara.

Mdomo wa bomba hilo una eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Ukipata gramu 20 kwenye bomba moja kwa siku 30, hiyo ni takriban gramu 330 kwa mita ya mraba kwa siku. Namba hiyo peke yake haikwambii mengi. Weka seti nyingine mahali ambapo nyasi bado ziko hai, ulinganishe miezi ile ile. Kwako kukiwa na tope mara nyingi kuliko kule, rudi mlimani. Kukikaribiana, endelea.

Mahali pa kupanda

Kusi ndilo jaji wako. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo huo husukuma mawimbi kutoka kusini, na ufukwe ulio wazi hung'oa kila kitu. Tafuta ghuba yenye rasi upande wa kusini. Chini pawe mchanga uliochanganyika na tope kidogo: ukichomeka kidole, kiingie hadi mwisho bila nguvu, na shimo lisizibe papo hapo. Mchanga mtupu wenye mikunjo ya mawimbi unamaanisha chini panatembea, na nyasi hazitashika. Tope laini linalomeza mkono hadi kiwiko nalo halifai.

Mwanga upime kwa kisahani cha kipenyo cha sentimita 20, kilichopakwa robo nyeupe na robo nyeusi kwa kupokezana, kikishushwa kwa kamba yenye alama kila nusu mita. Andika kina kinapopotea machoni. Panda kwenye kina kisichozidi nusu ya hicho. Pima wakati wa mvua pia, sio kiangazi tu. Kipimo kibaya zaidi cha mwaka ndicho cha kufuata.

Halafu kuna kimo cha ziwa chenyewe. Kila mwaka ziwa hupanda hadi kama Aprili au Mei kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba, na tofauti yake hukaribia mita moja. Nyasi zilizopandwa Juni kwenye maji ya kiunoni zitakuwa zinachomwa na jua Oktoba. Kwa hiyo kina cha kupandia mwezi wa Juni kisipungue mita moja na nusu, na kwa wapigambizi wasio na vifaa kisizidi mita tatu. Tena, tangu miaka ya 2020 ziwa limepanda hata kumeza nyumba na mashamba ya ukingoni, kwa hiyo alama za zamani za wazee, "hapa palikuwa na nyasi," zinaweza sasa kuwa ndani sana. Wasikilizeni wazee, kisha pimeni kina upya.

Acha kabisa midomo ya mito ya Luiche na Malagarasi na sehemu yoyote yenye viboko au mamba. Hakuna mche unaostahili mtu.

Kichocho

Jambo hili lina uzito wake na tunalitenga. Konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye mimea. Ukipanda nyasi mahali watoto wanapoogea au kina mama wanapochotea maji na kufulia, unaweza kuwa umewapandia ugonjwa. Konokono hao si Neothauma. Ni wadogo sana, mmoja ni bapa kama kifungo, mwingine ana kombe linalozunguka kwa kushoto. Kanuni yetu ni hii: bustani ya nyasi ikae angalau mita 200 kutoka mahali pa kuchota, kufua au kuogea, na kijiji kikubaliane kwamba hapo pa nyasi hapataogewa. Kama ghuba ni moja tu na wote wanaitumia, msipande. Rudisheni matete mahali pengine na mlinde makombe. Kazi ipo ya kutosha.

Kwa wanaopanda wenyewe: vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi mchana, jua likiwa kali, kuanzia kama saa tano hadi saa nane. Alfajiri na jioni nazo ndizo saa za mamba. Kwa hiyo fanyeni kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, mtoke, mjifute kwa taulo kavu mara moja, msikaushwe na upepo. Mwambieni mganga wa zahanati mapema ili timu nzima ipimwe na kupewa dawa kazi ikiisha. Anayeona damu kwenye choo au mkojo asisubiri.

Ruhusa

Anzeni na BMU ya mwalo (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni) na serikali ya kijiji, muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri. Kisha Afisa Uvuvi wa Halmashauri, na ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyopo Kigoma kwa chochote kitakachokaa ndani ya maji. Kituo cha TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) Kigoma kina watu wanaoweza kutambua mmea kabla hujauhamisha. Peleka sampuli kwenye chupa ya maji. Ndani ya mipaka ya hifadhi za taifa za Gombe na Mahale msiguse kitu bila ruhusa ya TANAPA. Usilete mmea kutoka ziwa lingine, bwawa la samaki au duka la samaki wa mapambo. Magugu maji yametosha.

Kuchukua miche

Chukua kwenye ghuba iliyo karibu, yenye kina na mchanga unaofanana na kwako. Katika kila mita ya mraba ng'oa fungu moja lisilozidi upana wa kiganja, kisha sogea. Usizidishe sehemu moja kati ya kumi ya nyasi za mahali hapo, na usirudi hapo mwaka huo. Ingiza vidole chini ya mizizi na uinue pamoja na tope lake. Ukivuta kwa majani utabaki na majani mkononi.

Vallisneria hutambaa kama marando ya viazi. Mche mzuri ni ule wenye rando lililounganika na mche mwingine mdogo, kwa sababu huo umeshaanza kusambaa. Mizizi ikate ibaki sentimita 5, majani yabaki sentimita 20 hadi 25 ili mawimbi yasipate pa kushika. Potamogeton inahitaji kipande cha mzizi chenye vifundo viwili au vitatu. Shina tupu la juu halitoshi. Ukikutana na mmea wenye majani kama mkia wa paka unaoelea bila mizizi, Ceratophyllum, uache. Hauna mizizi ya kupandwa, na pakitulia utakuja wenyewe.

Miche ikae kwenye beseni lenye maji ya ziwa, chini ya gunia lililoloweshwa, kivulini. Dakika ishirini juu ya ubao wa boti jua likiwaka zinatosha kuua kazi ya asubuhi nzima. Panda siku hiyo hiyo.

Kupanda

Anza na eneo la mita 5 kwa 5, si zaidi. Ligawe kwa kamba ya katani miraba 25 ya mita moja moja, kisha panda miraba 12 kwa kurukia kama ubao wa drafti. Ndani ya kila mraba weka vitita 16, umbali wa sentimita 25, kila kitita miche 5. Hesabu yake: vitita 192, miche 960, andaa 1,050 kwa sababu mingine itavunjika. Watu wengi hutaka kutawanya miche hiyo ili ifunike eneo kubwa. Usifanye hivyo. Miche iliyosongamana huvunja mawimbi, hushika mchanga na hukingana yenyewe na samaki wanaokula majani. Mche ulio peke yake hung'olewa wiki ya kwanza.

Kitita kifungwe kwa uzi wa katani, fundo la kulegea, chini ya mahali majani yanapoanzia. Kibanio ni waya wa milimita 4 uliokatwa sentimita 25 na kukunjwa umbo la U. Watu wawili kwa kila kitita: mmoja anachimba kijishimo kwa vidole viwili na kuingiza mizizi, mwingine anabana kwa U juu ya rando na kusukuma. Kisha rudishieni mchanga taratibu.

Angalia hapa kwa makini, maana ndipo mche unapofia. Kati ya mizizi na majani kuna sehemu nyeupe, nene kidogo, kama shingo ya kitunguu kidogo. Hiyo lazima ibaki juu ya mchanga, ionekane. Ukiifukia, kwa nje mche utaonekana mzima kwa siku kumi, majani yakiwa kijani. Kisha shingo inakuwa laini, rangi ya chai, na majani yote yanatoka kwa pamoja ukiyagusa. Ukishapanda mraba mmoja, pitisha kiganja polepole juu yake kama unayefagia unga, uifichue kila shingo iliyofunikwa.

Mahali penye mawimbi kidogo tumia gunia la katani badala ya vibanio: lilaze, litoboe kila sentimita 25, pitisha mizizi kwenda chini, shona kwa uzi, likalazwe ziwani na jiwe la kilo mbili kila pembe na moja katikati. Gunia litaoza lenyewe mizizi ikishashika. Usitumie kiroba cha plastiki kwa sababu tu ni rahisi. Hakiozi, na kikifumuka nyuzi zake zinabaki ziwani.

Anayezamia azamie kwa pumzi yake, wawili wawili, mmoja juu akimtazama wa chini, boti likiwa karibu na jaketi okozi ndani. Pampu za hewa za kujitengenezea hapana.

Siku ya 14 kagua. Miche imeelea ikiwa na mizizi: mawimbi, au vibanio vifupi. Majani yamekatwa ncha kwa usawa: samaki au kaa, zungushia wavu wa kuku wa matundu ya sentimita 2.5 kwa wiki sita, kisha uutoe. Majani yamefunikwa ukungu wa kahawia unaoteleza: tope au maji machafu yenye rutuba nyingi, na hapo kupanda tena hakusaidii hadi chanzo kipatikane. Shingo zimeoza: mmefukia.

Makombe

Vitanda vikubwa viko kwenye kina cha mita kumi hadi thelathini na kitu, hamtavifikia kwa pumzi. Kazi yenu huko ni kuzuia: nanga zisitupwe hapo, nyavu zisiburutwe, makombe yasizolewe kwa chokaa wala chakula cha kuku. Wavuvi wenyewe wanavijua, maana nyavu zao hupanda na makombe. Waombeni waweke alama kwenye simu, au wapange mistari ya milima miwili ukingoni, na mchore ramani ya kijiji.

Mahali ambapo kitanda cha kina kifupi, mita tatu au nne, kimefukiwa, na tope limeshadhibitiwa, mnaweza kurudisha makombe. Chanzo kiwe makombe yaliyosukumwa ufukweni na yale yanayopanda na nyavu. Kamwe usihamishe kutoka kitanda kilicho hai. Kila kombe lishike, litikise karibu na sikio, litazame ndani. Lenye konokono hai au kisamaki rudisha mara moja ulipolitoa. Lililojaa tope lisuuze. Lililotoboka juu litafaa kwenye zege, si hapa.

Ndoo ya lita 20 hubeba karibu makombe 400. Hesabu ndoo yako ya kwanza ili ujue. Usiyatandaze. Yashushe katika mafungu ya upana wa nusu mita, ndoo nusu kwa kila fungu, mita mbili kati ya fungu na fungu, juu ya mchanga mgumu kiasi. Shusha ndoo hadi chini ndipo uipindue. Ukimwaga kutoka juu yanatawanyika na mengi yanatua mdomo chini.

Mpangaji wa kwanza anaweza kuwa samaki aitwaye Lamprologus callipterus. Dume lake hubeba kombe mdomoni, moja moja, na kujilundikia kiota. Lenyewe haliingii ndani, ni kubwa hadi mara kumi na zaidi ya uzito wa jike. Jike huingia kwenye kombe na hutaga humo. Ukiona makombe yamesogezwa kutoka ulipoyaweka na kukusanywa pamoja, midomo ikiwa safi bila mchanga, acha kila kitu kama kilivyo. Huyo samaki anajua kupanga makombe kuliko wewe. Makombe yasiyoguswa na yeyote kwa miezi sita, toa matano, mwaga kilichomo: yakitoa tope laini zaidi ya kijiko cha chai kila moja, mmewahi mno.

Kulinda

Kokoro limepigwa marufuku, lakini marufuku haifiki yenyewe saa nane usiku. Eneo liwekewe maboya: madumu ya lita 5 yaliyopakwa rangi ya njano na kufungwa vifuniko, kila pembe moja na moja kila mita 50. Kamba iwe mara moja na nusu ya kina, nanga iwe kiroba cha kilo 50 kilichojaa mchanga na kuwekwa ndani ya kiroba kingine. Boya lenye kamba fupi huzama ziwa likipanda.

Ulinzi unaodumu ni ule wa wavuvi waliokubali mpaka wenyewe. Chagueni eneo dogo ambalo hakuna familia inayolitegemea peke yake, na lisikate njia ya mitumbwi. Mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Vipindi kama hivyo vikiwapo, vitumieni: boti ziko nchi kavu, vijana wana nafasi, maji ni masafi, na mtu hatalazimika kuchagua kati ya kupanda nyasi na kwenda dagaa. Walipeni posho hata ndogo. Kazi ya kijiji isiyo na chai huishia siku ya pili.

Daftari

Tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 ya bomba la plastiki lililotobolewa lizame. Siku ya 14, 60, 180 na 365 idondoshe mara kumi ndani ya eneo bila kuchagua, hesabu miche kila mara, zidisha kwa nne upate idadi kwa mita ya mraba. Fanya vivyo hivyo kwenye eneo jirani msilopanda. Hilo la jirani watu hulisahau, kisha nyasi zikiongezeka hawajui kama ni kazi yao au ziwa limejirudi lenyewe baada ya kokoro kuondoka. Mara nyingine hujirudi. Kwa hiyo pakiwa na mabaki ya nyasi, hata shina moja kila hatua tano, lindeni tu kwa mwaka mzima mkipima, kabla ya kuamua kupanda.

Andika pia kimo cha ziwa kila unapopima, kwa mti wenye alama uliokitwa karibu na mwalo, tarehe, nani alihesabu, na maji yalionekana hadi mita ngapi. Daftari likae kwa katibu wa BMU, nakala moja ofisi ya kijiji, kwenye mfuko wa plastiki. Miche iliyokufa iandikwe vile vile kama iliyopona, pamoja na sababu mliyoiona kwa macho, ili watakaopanda ghuba inayofuata wajue pa kuanzia.